Kwaya Ndiyo Kitabu: Safari ya Fundisho la Neema hadi Chang'ombe

Katika kanisa la Africa Inland Church Tanzania, AICT, lililopo Chang'ombe, wilayani Temeke, zimekulia kwaya mbili ambazo sauti zake zimevuka mipaka ya nchi. Moja ni Kwaya ya Vijana, ambayo wapenzi wake wa Tanzania na Kenya huiita kwa kifupi CVC. Nyingine imejipa jina la fundisho lenyewe: Neema Gospel Choir. Wengi wanaozipenda kwaya hizi hawajawahi kukanyaga Chang'ombe, wala hawajafungua kitabu cha teolojia. Wanachokijua kuhusu neema ya Mungu wamekipata kwa sehemu kubwa kwenye wimbo, tena wimbo ulioimbwa na watu wanaofanana nao. Kwa mwanahistoria, jambo hili si dogo. Waandishi wengi wa historia ya Ukristo wa Afrika Mashariki huanza na tafsiri za Biblia, shule za misheni na maaskofu, kisha muziki hupewa aya moja mwishoni, kama pambo. Mimi naona mpangilio huo umepinduka. Kwa fundisho la neema, hasa katika vitongoji vya Dar es Salaam vilivyojengwa na wahamiaji, kitabu kilileta maneno, lakini aliyeyafanya maneno hayo yaaminike ni mwanakwaya. Kwaya iliwapa watu mahali pa kuionja neema kabla hawajaielewa.

Fundisho lenyewe ni jepesi kulitamka na gumu kulisadiki. Mtume Paulo aliwafundisha Waefeso kwamba mtu huokolewa kwa kipawa cha Mungu, hivyo hakuna mwenye sababu ya kujivuna. Karne ya 5 Augustino wa Hippo, mwana wa Afrika ya Kaskazini, alilitetea fundisho hilo dhidi ya Pelagio, aliyeona kwamba mtu anaweza kuwa mwema kwa juhudi yake mwenyewe. Mwaka 1517 Martin Luther alizusha mjadala wa vyeti vya msamaha vilivyokuwa vikiuzwa Ujerumani, na Kanisa la Magharibi likagawanyika. Kanisa Katoliki liliendelea kufundisha waumini wake kuhusu neema ya utakaso, inayokaa rohoni, na neema za msaada, zinazomjia mtu saa ya uhitaji. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, wakikiri kwamba katika mambo ya msingi wanasema kitu kimoja: Mungu ndiye anayeanza, mtu hupokea. Kwa hiyo tofauti zilizopo kati ya madhehebu ya Temeke, ingawa ni za kweli, hazigusi kiini. Ugumu wa neema uko katika maisha yenyewe. Mtu amezoea deni, mahari, fidia, kodi na ujira. Mkazi wa Dar es Salaam hujifunza mapema kwamba mjini hakuna cha bure, na anayemwahidi cha bure humtilia shaka. Anayetaka kumfundisha mtu huyo neema ana kazi kubwa kuliko kumsomea aya.

Historia ya Pwani inaonyesha jinsi kazi hiyo ilivyokuwa kubwa. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844 na kuanza kutafsiri Maandiko. Biblia nzima katika Kiswahili cha Unguja ilipatikana 1891, ikijengwa juu ya kazi ya Askofu Edward Steere aliyefariki 1882. Wakati huohuo neema ilikuwa ikihubiriwa kwa watu walioijua bei ya binadamu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Bagamoyo 1868, na kijiji chao cha kwanza kilikuwa cha watumwa waliokombolewa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa Juni 1873, na Waanglikana wakajenga kanisa lao kuu mahali hapo. Ni vigumu kupata mchoro ulio wazi zaidi wa fundisho la ukombozi: altare kusimama palipouzwa watu. Hata hivyo, tusikimbilie kusema kwamba watu walielewa mara moja. Waliokombolewa walikuta katika vijiji vya misheni kengele, mashamba, adhabu na ratiba. Waliambiwa wako huru, lakini walipangiwa kazi, ndoa na makazi. Mtu aliyekombolewa kwa fedha ya mzungu, kisha akaishi kwa amri ya mzungu, angeweza kwa haki kabisa kuuliza neema imeanzia wapi na utumwa umeishia wapi.

Swali hilo lina mwangwi katika wimbo maarufu kuliko yote kuhusu neema, ule wa John Newton, ambao tafsiri zake za Kiswahili zinaimbwa makanisani mwetu hadi leo. Newton aliandika maneno yake kwa ajili ya mahubiri ya Mwaka Mpya wa 1773 katika mji mdogo wa Olney, Uingereza, na yakachapishwa 1779. Alikuwa amemgeukia Mungu katika dhoruba ya bahari mwaka 1748. Lakini baada ya dhoruba hiyo aliendelea na biashara ya utumwa, akiwa nahodha, hadi 1754. Kijitabu chake cha kuilaani biashara hiyo hadharani kilitoka 1788, miaka 40 baada ya dhoruba. Wapo wanaotumia historia hii kusema kwamba neema ni dawa ya usingizi: inamtuliza mwenye dhambi na kumwacha aliyeonewa palepale alipo. Shtaka hili ni zito na halifai kupuuzwa. Newton mwenyewe anatufundisha kwamba mtu anaweza kusamehewa leo na kuchukua miongo kadhaa kuona alichosamehewa. Lakini historia hiyohiyo inaonyesha kwamba mwishowe aliona, akasema, akajitaja kuwa miongoni mwa wakosaji. Neema iliyomfikia ilichelewa kuzaa haki, lakini ilizaa. Kosa ni kudhani kwamba wimbo peke yake unatosha. Wimbo unahitaji jamii inayoudai uwe kweli, na hapo ndipo historia ya Dar es Salaam inapoingia.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifika Dar es Salaam 1887, na Wabenedikto wa Mtakatifu Ottilia wakafungua kituo Pugu 1888. Kituo cha Pugu kiliharibiwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Walutheri walifungua vituo Kisarawe na Maneromango katika nchi ya Wazaramo. Kufikia 1902 mji ulikuwa na makanisa mawili makubwa karibu na bandari, la Mtakatifu Yosefu na lile ambalo leo ni Azania Front. Serikali ya Wajerumani nayo ilianza kutoza kodi ya nyumba 1898. Mzaramo wa miaka ile, kwa hiyo, alipokea kwa wakati mmoja tangazo la zawadi isiyo na malipo na madai ya kodi, na waliomletea yote mawili walitoka nchi moja. Isitoshe, Uislamu ulikuwa tayari umempa madrasa, maziko ya heshima, dhikri ya pamoja na udugu unaovuka kabila. Kanisa lilimletea darasa na kitabu. Matokeo yalikuwa kwamba Wazaramo wachache tu waligeuka, na Ukristo wa Dar es Salaam ukaja kukua hasa kwa watu waliotoka bara. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ninaiona kuwa hii: fundisho la neema lilifika likiwa halina jamii inayoonekana. Jirani Mwislamu hakukosa habari za Mungu mwenye rehema. Alizitaja kila siku katika sala zake. Alichokosa kukiona kwa Mkristo ni mahali ambapo rehema hiyo inaishi.

Hata huko bara, njia rasmi ya kuingia kanisani ilikuwa ndefu. Mwanafunzi wa ubatizo alihudhuria mafundisho kwa miezi mingi, mara nyingi miaka, akakariri maswali na majibu ya katekisimu, akahojiwa, akapimwa mwenendo. Baada ya kubatizwa, aliyekosea alitengwa na Meza ya Bwana hadi atubu na kurudishwa kundini. Utaratibu huo ulikuwa na hekima yake, kwa kuwa kanisa changa liliogopa kuonekana linaruhusu kila kitu. Ila ulikuwa na gharama. Muumini alisikia mimbarini kwamba anapokelewa bure, kisha akajifunza kwa uzoefu kwamba kila hatua ina mtihani. Kitabu kilisema neema. Daftari la mzee wa kanisa lilisema stahili. Kati ya sauti hizo mbili, ya pili ndiyo iliyogusa maisha ya kila siku, na mtu huamini kinachomgusa.

Mabadiliko ya kwanza makubwa yalitoka kwenye Uamsho wa Afrika Mashariki. Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Joe Church, Mwingereza, walikutana Namirembe 1929, na kutoka Gahini, Rwanda, moto ukasambaa katika miaka ya 1930 hadi Uganda, Kenya na Tanganyika, hasa Bukoba na Dodoma. Walokole, kama walivyoitwa, walikuwa na mambo mawili yasiyohitaji kitabu. La kwanza ni ushuhuda: mtu alisimama, akataja dhambi yake kwa jina, akasema alivyosamehewa. La pili ni wimbo wa kumpokea aliyeshuhudia, ambao wakati mwingi ulikuwa Tukutendereza, ulioimbwa kwa Kiganda hata na wasiojua Kiganda. Mtu aliyeungama hakusubiri kikao. Alikumbatiwa palepale, na wimbo ndio uliotangaza hukumu. Hapo neema ilipata umbo: msamaha uliotamkwa kwa sauti za wengi, mbele ya macho ya wote. Ni kweli kwamba baadhi ya walokole waligeuka wakali, wakawapima wenzao kwa kasi ya kuungama, na katika sehemu kadhaa walizua mifarakano. Udhaifu huo haufuti ugunduzi wao. Waliwaonyesha Wakristo wa Afrika Mashariki kwamba kuimba pamoja kunaweza kuwa tendo la kusamehe. Josiah Kibira wa Bukoba, mtoto wa uamsho huo, alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani katika mkutano mkuu uliofanyika Dar es Salaam 1977. Fundisho la Luther likapata msemaji wake mkuu katika mwana wa Buhaya aliyejifunza neema katika mazingira ya ushuhuda na wimbo.

Badiliko la pili lilihusu muziki wenyewe. Kwa muda mrefu nyimbo za kanisani zilikuwa za Ulaya zilizovishwa maneno ya Kiswahili, na lafudhi ya lugha ilipondwa ili itoshe kwenye tuni. Padre Stephen Mbunga alitunga Misa Baba Yetu 1959 na kuchapisha 1963 kitabu chake kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965, ukazifungulia milango ngoma na lugha za watu. Upande wa Walutheri, chuo cha Makumira kilikuwa kitovu. Bernard Kyamanywa alitunga huko 1966 wimbo wa Pasaka Mfurahini, Haleluya, ambao leo umo katika vitabu vya nyimbo vya mabara kadhaa, na Howard Olson akakusanya nyimbo za tuni za Kiafrika katika Tumshangilie Mungu, 1968. Nje ya vitabu, mapambio yalikuwa yakienea yenyewe: kiongozi huanzisha, wengine huitikia, na mgeni anayesikia mara ya kwanza anaimba kufikia ubeti wa pili. Jambo hili lina uzito wa kiteolojia. Kitabu cha nyimbo kinahitaji kununuliwa na kusomwa. Pambio halidai chochote zaidi ya kuwepo. Redio Tanzania ilirusha kwaya hewani, na kijiji kisicho na mchungaji kikapata mahubiri ya sauti nne.

Sasa tufike Chang'ombe. Mji ulioiumba ni mji wa reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam 1905 na kufika Kigoma 1914. Tawi la Mwanza lilikamilika 1928. Reli ya Uhuru, TAZARA, ikafuata katika miaka ya 1970. Watu walioshuka kwenye vituo hivyo walitafuta kazi bandarini, kwenye karakana, na kwenye viwanda vilivyopangwa kando ya Barabara ya Pugu, na wengi wakapanga vyumba Keko, Chang'ombe, Temeke na Kurasini. Mji uliokuwa na watu wapatao 273,000 mwaka 1967 umekuwa mkoa wenye watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya 2022. Africa Inland Mission, iliyoanzishwa 1895 na Peter Cameron Scott, iliingia Tanganyika 1909 kwa kukabidhiwa kituo cha Nassa, kusini mwa Ziwa Victoria. Ngome ya kanisa lililozaliwa kutokana na kazi hiyo ni Mwanza na Shinyanga. Kwamba kwaya zake mbili maarufu ziko Temeke, umbali wa siku nzima ya safari kutoka ziwani, ni ushahidi tosha kwamba Ukristo wa vitongoji hivi ulibebwa na abiria. Abiria huyo aliacha nyuma ukoo, mji wa wazazi na makaburi yao. Mjini hakuwa mtoto wa mtu yeyote.

Hapo kwaya ikawa jibu. Gregory Barz, mtafiti wa muziki kutoka Marekani aliyechunguza kwaya za Kilutheri za Dar es Salaam katika miaka ya 1990, anaonyesha katika kitabu chake cha 2003 kwamba kwaya za mji huu ni jamii kamili: zina mwenyekiti, katibu, mtunza hazina, mwalimu, mfuko wa kusaidiana, na wajibu wa kwenda kwa mwenzao anapofiwa, anapougua au anapooa. Kijana aliyefika juzi hupewa nafasi kwenye safu, sauti ya tatu au ya nne, kabla watu hawajajua kabila lake vizuri. Anavaa sare ileile anayovaa mtoto wa mchungaji. Akikosa nauli, wenzake humchangia. Akifiwa, kwaya nzima hufika msibani na kuimba. Hii ndiyo sababu ninasema kwaya imefundisha neema kwa nguvu kuliko katekisimu. Haikumweleza mhamiaji tu kwamba amepokelewa bila stahili, ilimpokea. Anapoimba baadaye kwamba Mungu amemkubali alivyo, maneno hayo yana mfano wa karibu wa kuyashika.

Ndiyo sababu pia sioni kuwa ni bahati tu kwamba sanaa ya kanisa ya vitongoji hivi imekuwa ya sauti kuliko ya rangi. Wapo wachoraji waliolitafuta jibu ukutani. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora kati ya 1956 na 1959 katika kanisa la ukumbusho la Murang'a, Kenya, michoro mikubwa mitano ya maisha ya Kristo, akimweka kati ya vilima na watu wa Ukikuyu katika miaka ya majeraha ya Mau Mau. Kazi hiyo inasema kwa rangi kile ambacho wimbo husema kwa sauti: Mungu amekuja kwa waliopigana, upande wowote waliokuwa. Lakini makanisa yaliyotokana na misheni kama Africa Inland Mission hayakuwa na mapokeo ya picha. Kuta zao zilikuwa tupu kwa makusudi. Kwaya ilijaza nafasi hiyo, kwanza kwa kaseti, kisha kwa video. Katika video za kwaya za Dar es Salaam mwendo wa pamoja, sare zenye kung'aa, ufuo wa bahari na bustani vimekuwa lugha ya picha ya kanisa lisilo na michoro. Mtazamaji wa Bukavu au Nairobi anaona watu wa kawaida wamepambwa kama wageni wa arusi, na anaelewa bila kuambiwa kwamba karamu hiyo haikuandaliwa na wao.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni la haki: nyimbo nyingi za kwaya zetu hazizungumzii neema, zinaonya. Zinakemea ulevi, uzinzi, uchawi na mapenzi ya fedha. Zinatangaza nyakati za mwisho na hukumu. Msikilizaji anaweza kuzimaliza kanda kadhaa akabaki na hofu zaidi ya tumaini. Ninakubali kwamba onyo limetawala kupita kiasi, na kwamba watunzi wengi huliona kuwa rahisi zaidi kulitunga. Lakini onyo lina mizizi miwili inayopaswa kueleweka. Mmoja ni wa ngoma za nyumbani, ambako mwimbaji alikuwa na ruhusa ya kusema hadharani kile ambacho wengine walikinyamazia. Mwingine ni wa Uamsho, ambako dhambi ilitajwa ili msamaha uwe na cha kusamehe. Onyo lililotengwa na msamaha ni kosa, na hapo walimu wa kwaya wanahitaji kurekebishwa. Hata hivyo, tazama ni nani anayeimba onyo hilo. Ni kikundi kinachojua makosa ya kila mmoja wake, kilichowahi kumsimamisha mwanakwaya na kumrudisha, na kinachoendelea kuimba naye. Maneno yanaweza kuwa makali huku kikao cha Jumamosi kikiwa cha huruma. Mwanahistoria anayesoma maneno tu atapima nusu ya ushahidi.

Pingamizi la pili ni kwamba kwaya nazo ni uwanja wa stahili. Kwaya za mji huu zilishindana mbele ya waamuzi wanaotoa alama, na mashindano hayo yana undugu na ngoma za zamani. Beni, ambayo Terence Ranger aliiandikia historia yake 1975, iliwagawa watu wa Dar es Salaam na miji mingine kuwa Marini na Arinoti, kila upande ukijitahidi kuushinda mwingine kwa sare na madaha. Usukumani, wafuasi wa Bagika na Bagalu wameshindana kwa vizazi kuvuta watazamaji. Mtu anaweza kusema kwaya imebatiza tu ushindani. Sina budi kukubali kwamba mashindano huzaa majivuno na chuki. Ila ndani ya kwaya moja, ushindani huo hufanya kazi tofauti. Sauti nzuri haimpi mtu kura mbili, na sauti hafifu haimfukuzi. Besi asiyejua noti hufundishwa mara kumi na mwalimu yuleyule. Kikundi hushinda au kushindwa pamoja, hata aliyechelewa mazoezi hupata sifa aliyoitolea jasho mwenzake. Kupokea sifa usiyoistahili, tena kutoka kwa wenzako, ni funzo ambalo Paulo angelitambua.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni fedha. Sare zinanunuliwa, vyombo vinanunuliwa, kurekodi kunalipiwa, na uzinduzi wa albamu huwa na mgeni rasmi na harambee. Pembeni ya kwaya wamejitokeza wahubiri wanaouza maji na mafuta ya upako, na maskini wa Temeke wanaahidiwa baraka kwa kiasi cha sadaka. Africa Inland Mission ilijulikana kwa kanuni ya kutoomba fedha kwa watu, ikitegemea sala na kueleza mahitaji yake tu. Wapo wanaoona kwamba kutoka kanuni ile hadi harambee ya leo ni anguko. Mimi natofautisha mambo mawili. Mchango wa kwaya ni gharama ya kazi, na hulipwa na watu waliokwisha kupokelewa. Mafuta ya upako ni bei ya kupokelewa. La kwanza lina hatari zake, hasa pale kijana asiye na fedha ya sare anapoachwa nje ya safu, na kila kwaya inayofanya hivyo imelikana jina lake. La pili ni vyeti vya msamaha vya 1517 vilivyorudi katika chupa. Shirikisho la Kilutheri Duniani, katika mkutano wake mkuu wa Windhoek 2017, lilichagua kusema kwamba wokovu hauuzwi, binadamu hawauzwi, uumbaji hauuzwi. Kwa Pwani iliyojua soko la Unguja, kauli hizo tatu ni jambo moja. Anayeuza rehema ya Mungu kwa mgonjwa leo anarudisha mnada mahali palipojengwa altare.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Wafasiri na walimu wa misheni walifanya kazi isiyofutika. Bila Biblia ya Kiswahili, kwaya ya Chang'ombe isingekuwa na cha kuimba. Lakini fundisho la neema halikushika mizizi katika vitongoji vya Dar es Salaam mpaka lilipopata watu wanaompokea mgeni kwa sauti, kwa sare, kwa mfuko wa msiba na kwa mazoezi ya jioni. Kanisa linalotaka neema iaminike Temeke lina wajibu wa kwanza wa kulinda mlango huo: asiachwe nje mtu kwa kukosa ada, sare au ukoo, na asipewe nafasi ndani yake mfanyabiashara wa rehema. Wajibu wa pili ni wa kumbukumbu. Ikiwa kwaya ndiyo kitabu, basi kurasa zake ni madaftari ya nyimbo, kumbukumbu za vikao, kaseti na kanda za video, na vingi vya vitu hivyo vinaoza kwenye makabati ya sharika na majumbani kwa walimu wastaafu. Kila kwaya iteue mtu wa kuandika imeanza lini, nani alitunga nini, na nani alipokelewa. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, DUCE, kipo hapohapo Chang'ombe na kinasomesha walimu wa historia. Wanafunzi wake wanaweza kuianza kazi hiyo bila kupanda hata basi.